Mto Uliohama

Tenri alikuwa akikoroga uji wa sagu, na mama mkwe wake, Hawang, akiparua samaki, mbwa walipoanza kubweka. Mwanamke mwenye viatu vya mpira alisimama mlangoni.

“Hodi wenyewe! Naitwa Rosmala, natoka ofisi ya ramani.”

Hawang hakuinua hata kichwa. “Ramani! Ramani yenu nusura ituulie mtoto.”

Ilikuwa kweli. Mafuriko yaliufanya mto uache njia yake, ukapita katikati ya shamba lao la mpunga. Kijiji kizima kikahamia mlimani. Mtoto wa Tenri aliposhikwa na degedege, gari la wagonjwa lilifuata ramani ya zamani. Barabara ikaishia majini. Baba yake alimbeba mgongoni, akapanda na kushuka vilima hadi zahanati. Mtoto alinusurika chupuchupu.

“Pole sana, mama. Hilo ndilo lililonileta,” Rosmala alisema. “Setilaiti hupiga picha za nchi kutoka juu. Kompyuta hulinganisha picha ya zamani na ya sasa, kisha hutia alama palipobadilika. Imeona mto umehama. Imeona nyumba zenu mpya, hata hii ya hapa uani.”

Tenri alichungulia picha, akaangua kicheko. “Nyumba gani? Si turubai la mama la kuanikia kakao hilo!”

Rosmala naye alicheka. “Ndiyo maana hatuiachii mashine peke yake. Inaona, lakini haijui. Wanaojua ni nyinyi. Nionyesheni mto unapita wapi.”

Hawang aliweka kisu chini. “Mwanangu, nikikuonyesha, utachora maji juu ya shamba la marehemu mume wangu. Kesho wataniambia sina shamba.”

Tenri alimgeukia mkwewe. Kumbe ndiyo sababu mama huyu hajawahi kushuka mtoni tangu mafuriko!

“Hapana, mama,” Rosmala alijibu. “Haki ya shamba ina ofisi yake, nayo utaidai huko. Ramani hii inasema tu kitu kiko wapi, ili anayekuja kukusaidia asipotee.”

“Mama,” Tenri alisema taratibu, “wifi Becce ni mjamzito. Siku yake ikifika, nani atatuona huku?”

Hawang alinawa mikono, akatangulia njiani. Ukingoni mwa mto alinyoosha kidole.

“Hapa tulipanda mpunga. Sasa ni mto. Andika.”

Baadaye wakampitisha Rosmala barabara ya juu, ile ambayo haikuwa kwenye ramani, kona kwa kona.

Mvua ziliporudi, Becce alishikwa na uchungu. Safari hii gari la wagonjwa lilipita barabara ya juu, likafika hadi mlangoni.

“Nani kakuonyesha njia?” Hawang alimuuliza dereva.

“Ramani mpya, bibi. Inajua kila kitu.”

“Inajua nini! Imeambiwa. Haya, washa gari!”

Alasiri ile Becce alijifungua salama mtoto wa kike. Naye Hawang alimwambia kila muuguzi aliyepita kwamba ule mto kwenye ramani ameuweka yeye.