Ukurasa wa Kuaga

Gitaa la Khalfani lilianza kunuka uvumba Jumanne alasiri, wakati wasukuma mikokoteni wa Kariakoo wakitukanana chini ya dirisha kama kawaida yao. Alimuuliza mkewe kama amefukiza. Badria akamjibu kwamba nyumba hii haijawahi kuwa hata na chetezo.

Khalfani alikuwa akitia muziki mashairi ya marehemu shangazi yake, Bi Mgeni wa Magomeni, aliyoyaacha kwenye daftari la shule. Mashairi huru hayo, hayana vina wala mizani. Mstari mmoja una maneno mawili, unaofuata una ishirini. Wenzake wa taarabu walimcheka. Lakini Khalfani ni mbishi wa kuzaliwa, na sauti ya wimbo ilipomjia ilikuja yote kwa pamoja. Aliruka ukurasa wa mwisho tu. Ulikuwa wa kuaga, mrefu, unachosha, na yeye aliona wimbo umeshatimia.

Badria akauimba. Hakunyamaza tena.

Aliimba mpaka adhana ya magharibi, akaimba mpaka kukakucha, sauti yake ikishuka kidogo kidogo hadi ikawa nzito kama ya mtu mwingine, jasho lake likinuka uvumba uleule, na Khalfani alipomshika mkono, yule aliyemtazama kupitia macho ya mkewe hakuwa akimfahamu kabisa. Khalfani hakuwahi kuogopa namna ile.

Asubuhi alimleta Bi Maimuna, mganga aliyecheza ngoma za pepo na Bi Mgeni miaka mingi. Bibi alifungua daftari, akalifunga upesi.

"Haya si mashairi, mwanangu," alinong'ona. "Shangazi yako alikuwa kiti, pepo wakimpanda. Aliandika aliyoimbishwa ngomani. Pepo huitwa, akapewa haja yake, kisha akaagwa. Wewe umemwita, hukumuaga."

"Basi muage wewe, bibi."

"Mimi hatanisikia. Aliyemwita kwa sauti mpya amuage kwa sauti mpya, tena impendeze. Na ufanye haraka. Mwili wa mkeo hautamudu siku nyingi."

Khalfani akautungia sauti ukurasa wa kuaga. Kila alipoanza, pepo alicheka kidogo, akamkatiza. Badria hakula, hakulala. Siku ya nne midomo yake ilipasuka, na bado aliimba.

Siku ya tano, mchana kweupe, Khalfani aliacha ufundi wote, akamtazama mkewe aliyebaki mifupa, akauimba ukurasa ule kama mume anayeomba arudishiwe mke wake, na machozi yakamtoka, na Bi Maimuna naye akalia, na pepo akanyamaza, akasikiliza mpaka neno la mwisho bila kucheka.

Bibi akamgusa Khalfani goti, kwamba tayari.

"Nzuri," pepo alisema taratibu. Akauegemeza mwili wa Badria ukutani, akaikunja miguu yake vizuri. "Nimeagwa mara nyingi, sijaagwa hivi. Anza tena. Siondoki mpaka niichoke."