Nguo Alizokuja Nazo

Jioni ile Kahambu alitumwa jambo dogo tu: ashuke dukani, aingize ndani nguo zilizoning'inizwa barazani kabla mvua haijateremka kutoka mlimani, kisha afunge. Duka lenyewe lilikuwa la mitumba, pale Bwera, kando ya barabara iendayo mpakani. Watu wema walileta nguo, viatu na mablanketi. Vikiuzwa, vililisha nyumba ya juu kilimani walikojificha wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao. Kahambu alikuwa mmoja wao. Mumewe Achille, mfanyabiashara wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, alimvunja mkono, akangoja upone, akauvunja tena. Hapo ndipo mama wa watu alipokata shauri.

Aliyeiendesha nyumba hiyo na duka lake ni Ednah. Kahambu alimwita yaya, dada mkubwa, na alimpenda kwa moyo wote. Kila mwanamke aliyefika, Ednah alimvua nguo alizokuja nazo, akampa safi kutoka dukani, na zile za zamani akaenda kuzichoma nyuma ya jikoni. "Shida yako imeungua," alikuwa akisema. "Lala sasa." Nani asingelala?

Lakini walikuwapo waliorudi. Mwanamke anakula vizuri, anacheka na wenzake, halafu jioni moja anasimama, anatoka getini bila kuaga, moja kwa moja kwa yule yule aliyemng'oa meno. Waliobaki walisonya tu. Mbambu, aliyelala kitanda kimoja na Kahambu, aliondoka hivyo hivyo mvua zilipoanza, akarudi kwa bwana wake kule Karusandara. Kahambu alimkasirikia hata hakutaka jina lake litajwe.

Alikuwa anakunja sweta ya mwisho harufu ilipomfikia.

Tope la mto.

Akageuka polepole. Mbambu alikuwa amesimama katikati ya magauni, maji yanamchuruzika hadi sakafuni. Nje hata tone lilikuwa bado halijaanguka.

"Weye!" Kahambu alifoka, furaha na hasira vimemjaa pamoja. "Ulitoka bila kuniaga. Nilikukosea nini?"

"Natafuta kikwembe yangu," Mbambu alinong'ona. "Ile kitenge nilikuja nayo."

"Si yaya Ednah aliichoma?"

"Haikuchomwaka..."

Akanyoosha kidole chini ya meza, kwenye sanduku la bati ambalo Ednah hulifunga siku zote. Kufuli lilikuwa limefunguka. Kahambu akapiga magoti, akainua kifuniko, na harufu ikampiga usoni. Jasho. Damu kavu. Alizitambua nguo zile. Sketi ya mama Feresita wa Maliba. Blauzi ya njano ya Biira, binti aliyefika juzi jicho limevimba. Zote zilikuwa za wale waliokuwa bado kule kilimani. Za waliorudi kwa waume zao haikuwamo hata moja.

Ya Kahambu mwenyewe pia haikuwamo.

"Muganga anataka nguo yenye jasho," Mbambu alisema. "Anakuita nayo. Miguu inaenda, weye unabaki unalia ndani. Yangu ilinifikisha kwa bwana. Naye akanifikisha mtoni... Yako ilitoka leo asubui."

"Nani aliitoa?"

Aliuliza huku anajua. Ufunguo wa sanduku lile haukuwahi kutoka shingoni mwa Ednah. Vipigo vya Achille viliuma, ndiyo, lakini Achille hakuwahi kumkumbatia usiku akilia, wala kumwita mdogo wangu. Hili liliuma zaidi.

*Kahaaambu...*

Sauti ilitoka barabarani. Ilikuwa ya mama yake, na mama yake walikwisha kumzika Butembo.

"Usiitike," Mbambu alinong'ona.

Hakuitika. Miguu ndiyo iliyoitika. Ilimnyanyua, ikampitisha kati ya magauni. Akaushika mwimo wa mlango kwa nguvu zake zote... vidole vikaachia vyenyewe. Alitaka kupiga kelele, sauti ikakataa. Nje, kwenye giza jepesi, Achille alikuwa amekaa juu ya pikipiki, ametulia, kitambaa kimekunjwa vizuri kwapani. Kahambu alikijua kitambaa hicho.

Mkono wa baridi ukamvua kilemba kichwani. Mbambu akakifunga kichwani mwake, kingali na joto la Kahambu.

"Kaa," akasema. Kisha, kwa sauti ya Kahambu mwenyewe, akaitika: "Nakuja."

Akatoka.

Miguu ya Kahambu ikalegea, akaanguka kizingitini. Alimsikia Achille akicheka, "Nilijua utarudi," na pikipiki ikawaka, ikashika njia ya mtoni. Baadaye kidogo upepo ukaleta sauti yake tena, safari hii bila kicheko.

"Sababu gani uko baridi hivi?"

Halafu pikipiki ikanyamaza.

Ednah akatokea na mwavuli wake. Alipomwona Kahambu pale chini, aliruka nyuma.

"Wewe... bado uko?"

Kahambu hakuhitaji kusikia zaidi. "Yaya," alisema kwa shida, "walikupa nini?"

Ednah alitazama barabara yote, juu na chini, kabla ya kunong'ona. "Hata mimi nguo yangu iko na mtu, mdogo wangu. Leo lazima mmoja aende. Ungeenda tu."

Kahambu alipanda kilima mbio, akawakuta wenzake wanakunywa uji, akawaeleza yote huku anahema. Ednah alifika nyuma yake bila haraka, sanduku kichwani. Akalitua katikati yao, akalifungua mwenyewe.

"Ni ushahidi wa korti," alisema kwa upole. "Afande alisema tusichome."

Wanawake wakashusha pumzi. Feresita akamtazama Kahambu kwa uchungu. "Mama Ednah alitutoa kwa moto. Unataka kumharibia jina?"

Hakuna aliyemtetea. Ni Biira peke yake aliyesogea, akamshika mkono. "Mimi nakuamini," alinong'ona. "Kesho tutoroke pamoja, mimi na we..."

Kikombe kikamponyoka.

Kahambu akainama sandukuni, akapekua kwa mikono miwili. Blauzi ya njano haikuwamo tena.

Biira alikuwa amekwisha simama. Machozi yalimtiririka, mdomo umefungwa, anatembea. Kahambu akamkumbatia kiunoni, akakaza miguu sakafuni, akaburutwa naye. "Nisaidieni! Mshikeni!"

"Mwache," alisema mmoja wao, akasonya na kurudia uji wake. "Si amemkumbuka bwana wake mwenyewe?"

Na kule mbele Ednah alikuwa ameshawafungulia geti, amesimama pembeni, anawangoja wapite.