Mizizi Mifupi ya Maharage ya Cibalonza

Kila asubuhi Cibalonza alizoa majivu ya jikoni na mbolea ya ng'ombe, akavimwaga kwenye migomba iliyozunguka nyumba. Ndivyo mama mkwe alivyomfundisha. Kwao Mumosho migomba ni ya mwanaume, maana yeye ndiye humpa mgeni kasiksi, pombe ya ndizi. Shamba la maharage, kule juu kilimani, lilikuwa la mwanamke. Hilo halikupata hata kikapu kimoja.

Misimu miwili maharage yalidumaa, yakawa manjano. Mumewe, Mushagalusa, akasema:

"Mara ya tatu ikiwa vile, mimi naenda Kamituga kuchimba zahabu. Batoto hawatakula kangaga."

Kangaga, majani yale ya porini, yalilijaza shamba zima. Kaka yake Cibalonza alikwenda Kamituga miaka minne iliyopita, na mpaka leo hajaleta hata barua.

Siku moja bwana shamba, moniteri wa kilimo Papa Anaclet, alipita kilimani. Wanawake wengine walijificha, wakiogopa faini ya shamba baya. Cibalonza aliona haya, lakini alibaki.

"Papa moniteri, angalia. Hapa maharage iko na ugonjwa. Lakini pale nilichoma magugu, iko muzuri. Ni juu ya sababu gani?"

Anaclet aling'oa mche mmoja huku, mwingine kule. Mizizi ya mche mgonjwa ilikuwa mifupi, minene, ya kahawia, kama imekatwa ncha. Ya ule mzima ilikuwa mirefu na myeupe.

"Maman, umeona kabla yangu," alisema. "Udongo hii iko muchachu. Kangaga inaipenda. Na ndani iko alumini."

"Alumini ya sufuria?"

"Ile ile! Iko mu kila udongo, lakini inalala. Udongo ikichacha, inayeyuka mu maji na kuuma ncha ya muzizi. Muzizi inaacha kurefuka, haifikie maji wala chakula. Majivu inapunguza uchachu, alumini inalala tena."

"Na Emérence, jirani yangu? Haweke majivu, na anavuna."

"Mbegu yake ni ingine. Mimea ingine inajua kujitetea. Ncha ya muzizi inatoa majimaji, inakamata alumini inje, isiingie. Omba ile mbegu. Tia majivu na mbolea mu kila shimo, changanya, ngoja wiki mbili, kisha panda."

Nyumbani, Cibalonza alipoomba majivu na mbolea, Mushagalusa alicheka. "Majivu yangu? Unataka kukamua kasiksi mu maharage?"

"Migomba yako imeshiba, Papa. Nipe musimu moja. Ikikataa, nitakufungia muzigo ya Kamituga mimi mwenyewe."

Mushagalusa aliacha kucheka. "Moja tu."

Cibalonza akapanda kilima na kikapu cha majivu na mbolea mgongoni, siku baada ya siku. Wazee wa kike wakamtania: "Angalia, anaiba pombe ya bwana yake!" Yeye akazidi kupanda kilima, na wiki mbili baadaye akatia ardhini mbegu aliyoiomba kwa Emérence.

Baada ya miezi mitatu, lori la kuchukua wachimbaji wa Kamituga lilisimama barabarani. Mushagalusa alikuwa kilimani, amekuja kujionea. Aling'oa mche mmoja. Maganda yalikuwa yamejaa, na mzizi ulizidi kiganja chake kwa urefu.

Lori likapiga honi mara mbili.

"Banakuita," Cibalonza alisema.

"Baende. Nani atabeba hii yote?"

Akavua koti, akainama, akaanza kung'oa maharage.