Isale Halitaki Miguu Kwenye Maji

Mteuzi alizamisha kidole chake kirefu cha chuma kwenye tope, akatulia. Kidole kile kilikuwa na pua elfu moja ndogo ndogo, na kila pua ilinusa jambo lake: hewa iliyobaki udongoni, chumvi, mizizi iliyokwisha kuoza. Kisha taa ya kifuani ikawaka kijani, akatamka kwa sauti ya upole kwamba migomba isipandwe hapa, kahawa isithubutu kabisa, ila magimbi, mafunjo na matete yatastawi.

Nusu ya bustani za Moshi Mpya, mji uliokwisha kuparamia mlima hadi mpakani mwa msitu, zilipandwa na mitambo ya aina hiyo. Aliyeibuni ni mhandisi Aikande, na pale alipokuwa amesimama, matope hadi magotini, palikuwa kihamba cha wazazi wake, shamba la urithi wa ukoo. Mganga hajigangi. Watu walimpigia simu kutoka nchi za mbali kuuliza wapande nini penye maji yasiyotoka, na kwao kwenyewe kumegeuka dimbwi.

Alilileta dimbwi hilo yeye. Njia ya magari ya hewani ilipopita juu ya kihamba, aliidhinisha mfongo uzibwe ili nguzo zake zipate pa kusimama, mfereji ule waliouchimba babu zake. Hesabu zake zilionyesha maji yatatafuta njia nyingine. Kweli yaliitafuta, yakaipata kwenye bonde la chini, alipozikwa baba yake. Mama yake, Bi. Eliapenda, hakugomba. Alisema tu kwamba hatapokea kitu mkononi mwa Aikande mpaka aletewe isale.

Mchaga akikuletea jani la isale kuomba msamaha, hukatai. Hata kama amekuumiza vipi, jani likishafika mkononi mwako, neno limekwisha. Lakini kwao kulikuwa na masharti: jani litoke kwenye kihamba kilichokosewa, liwe bichi, na mwenye kosa asilichume kwa mkono wake. Masale yote yaliyopandwa mpakani mwa kihamba yalikuwa yamenyauka na kuoza shina. Na sasa mama alikuwa kitandani, midomo imepasuka, na tangu juzi alikuwa hajanywa hata tone, maana nyumbani hakukuwa na mtu mwingine wa kumnywesha. Mashine ya kumuuguza aliikataa pia. Alisema nayo ni mkono wa Aikande.

Asubuhi ile Mteuzi alipofyeka magugu karibu na kaburi la baba, likaonekana isale moja, kijani kabisa. Aikande alichuchumaa mbele yake.

"Litaishi?" aliuliza.

"Isale halitaki miguu kwenye maji," Mteuzi alijibu. "Mizizi imeanza kuoza. Halifai hapa."

Aikande hakutaka liishi milele. Alitaka lifike jioni tu. Akamwambia Mteuzi, "Maliza kazi, nakuja," akakimbia kumwita shangazi yake, Ndewira, aje achume.

Shangazi alikuja taratibu kwa miguu yake mibovu, akinung'unika njia nzima kwamba watoto wa siku hizi huwaumiza wazazi kwa kompyuta kisha huja kuomba majani. Walipofika, bonde lilikuwa limependeza. Magimbi yamesimama kwa mistari, mafunjo pembeni, tope limesawazishwa. Kwenye kaburi hapakuwa na isale.

"Liko wapi?" Aikande aliuliza, ingawa jibu alilijua. Kanuni aliiandika mwenyewe: mmea unaooza ung'olewe kabla haujaambukiza mingine.

"Nimelisaga liwe mbolea," Mteuzi alisema. "Sasa kila mmea uliopo hapa unafaa."

Aikande alipiga magoti akachimba kwa kucha. Alipata nyuzi nyuzi za kijani zisizokuwa na umbo. Alilia kwa sauti, mwanamke mzima, na shangazi hakumnyamazisha. Mwishowe alisema polepole kwamba yeye hawezi kwenda kwa wifi yake mikono mitupu; hata maji akiyapeleka yeye bila isale, yataitwa mkono wa Aikande.

Basi Aikande alivunja jani la gimbi, pana, bichi. Akaingia mwenyewe chumbani, jani mkono mmoja, glasi ya maji mkono wa pili.

Mama aliligusa kwa kidole gumba. Macho yalikuwa yamefifia, lakini kidole kile kilikuwa kimelima miaka mingi.

"Hili ni gimbi," alisema. "Hili tunakula, mwanangu. Hatuombei msamaha."

"Mama, maji tu. Mengine baadaye."

Bi. Eliapenda aligeukia ukutani. Si kwa hasira. Alikuwa amechoka, na neno lake alishalisema.

Nje Mteuzi alitangaza kwamba mizizi imeanza kunywa, na maji ya bondeni yanashuka. Aikande alibaki amesimama na glasi iliyojaa.