Balbu ya Bani la Goweko

Rafiki yangu Wilbroad kaacha diploma ya umeme mwaka wa pili. Sasa tuko sawa, msomi na mimi wa darasa la saba.

Alishafeli mtihani wa vitendo mara moja. Kufunga taa kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, kule Goweko ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

"Msomi, usinichomee tumbaku," Mama Kabula, mwenye bani, alimtania, akaenda zake shambani.

Wilbroad aling'oa fyuzi akaitia mfukoni, kama mafundi wafanyavyo, asije mtu akawasha. Alipokwisha kufunga balbu, mlango ukajifunga, na simu aliyomulikia ikazima. Majani makavu yakachakarika.

"Fundi," sauti ya mzee ikasema pembeni, "zima taa. Inaniumiza macho."

Giza lilikuwa totoro. Akapapasa mfukoni, fyuzi ipo. Akanyoosha mkono, akaigusa balbu.

Ikamuunguza vidole.