Betri ya Maman Béata

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Uwingabire alifungua madirisha ya kantini, duka dogo la baba yake, akafagia mlangoni, akapanga sabuni na chumvi mezani, kisha akaenda darasani akipita mbele ya kituo cha afya. Hapo alikuwa na desturi nyingine ambayo mwalimu wake hakuijua. Akifika chini ya dirisha la chumba cha phonie, alitazama huku na huku, akatema mate, akaenda zake.

Mwaka ule wa 2002, Bweyeye haikuwa na simu wala umeme. Upande mmoja ni msitu wa Nyungwe, upande mwingine ni mabonde, na barabara yenyewe ikinyeshewa ilikuwa tope tupu. Mtu akizidiwa na ugonjwa, tegemeo lilikuwa moja tu: ile redio ya kuitana ambayo kila mtu huko aliiita phonie. Ilitumia betri ya gari iliyochajiwa na jua. Mara tatu kwa siku, saa nne, saa saba na saa kumi, opereta wa hospitali aliita vituo vyote, kimoja baada ya kingine. Aliyekosa saa yake alisubiri nyingine, na mgonjwa wake akasubiri naye.

Aliyeketi mbele ya phonie ya Bweyeye kwa miaka ishirini na saba ni Maman Béata, mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno, mwenye saa ya mkononi aliyoitazama kuliko alivyotazama watu. Hakuwa na rafiki wengi. Bizimana, baba yake Uwingabire, ndiye aliyemchukia kuliko wote.

Chuki hiyo ilikuwa na tarehe. Agosti 1998 vita vilipowaka ng'ambo na mpaka ukafungwa, Bizimana alikuwa na mdogo wake, Elikia, aliyefanya biashara huko huko ng'ambo, Bukavu. Alikwenda mbio kwa Maman Béata, akamsihi aulize kwenye phonie kama Elikia yu hai. Jibu lilikuwa fupi: "Phonie ni ya wagonjwa." Kisha mlango ukafungwa. Habari haikuja, wiki zikapita, na jamaa wakakubaliana kwamba Elikia amekufa. Wakanyoa nywele, wakaweka matanga. Baada ya miezi saba Elikia akatokea barabarani kwa miguu, begi begani, akiuliza kwa nini kila mtu anapiga kelele.

"Tulimulilia muntu muzima miezi saba!" Bizimana alisema kila alipokumbuka, na alikumbuka kila siku. Tangu hapo, ikifika saa saba, aliongeza sauti ya redio yake ya kantini mpaka vikombe vikatetemeka, ili Maman Béata, jirani yake, asisikie vizuri. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Uwingabire alikuwa na miaka kumi na miwili, na chuki ya baba yake alikuwa ameimeza yote.

Basi fikiria alivyonuna siku mwalimu alipotangaza habari darasani. Maman Béata alikuwa anastaafu. Muganga Adrien, tituleri, yaani mkuu wa kituo cha afya, alikuwa ameandaa sherehe ya kumshukuru Ijumaa saa nane. Kwaya ya shule ingeimba, na Uwingabire, kwa kuwa alisoma vizuri kuliko wote, angesoma maneno ya shukrani.

"Utamusifu ule mama?" baba yake alimwuliza jioni hiyo. "Ule iko na roho ya jiwe. Mimi Ijumaa nitaenda kupasua kuni kule juu. Ni heri nisikie shoka kuliko nisikie sifa zake."

Uwingabire hakuandika hata neno moja. Karatasi yake ilikaa nyeupe mpaka Ijumaa.

Asubuhi hiyo alitumwa kufagia chumba cha phonie na kukipamba kwa maua. Maman Béata alimaliza kuitana kwa saa nne, akaandika daftarini, akavua vidude vya masikioni.

"Naenda nyumbani kuvaa mushanana," alisema. "Fagia, usiguse kitu, kisha funga."

Mara tu alipotoweka, Osée akachungulia mlangoni. Osée alikuwa mvulana wa darasa lao, mwenye dhamana ya spika ya kwaya, na uso wake ulikuwa umeiva kwa wasiwasi. "Betri ya kwaya imekufa kabisa," alisema. "Tutaimba bila spika, mbele ya bageni!"

Uwingabire alitazama chini ya meza. Betri ya phonie ilikaa pale, safi, imefutwa vumbi.

"Beba hii."

"Hii? Na saa saba je?"

"Tutairudisha mbele ya saa saba. Unaogopa nini?"

Kwa Osée alisema hivyo. Moyoni alisema vingine. Alitaka saa saba ifike, wageni wakiwa wameanza kuingia, na yule mama aliyejivunia saa yake aonekane mjinga mbele yao. Akafungua nyaya kwa mikono yake mwenyewe. Osée akaikumbatia betri, akaipeleka uwanja wa shule, na baada ya muda spika ikaanza kunguruma. Wavulana waliijaribu, wakaijaribu tena, kama ilivyo kawaida ya wavulana na spika.

Saa saba kasoro dakika ishirini na tano Maman Béata alirudi, amevaa mushanana yake, vazi la sherehe la rangi ya samawati. Alimkuta Uwingabire bado anapanga maua, na nyaya zinaning'inia.

"Uwingabire, betri iko wapi?"

"Sijui, Maman. Mimi nilifagia tu."

Mama yule akakimbilia stoo, akidhani tituleri ameihamisha. Uwingabire akatoka nje, akajibanza nyuma ya jiko la kituo. Nisidanganye: alikuwa anafurahi.

Hapo ndipo ziliposikika kelele kutoka njia ya msituni. Wanaume wanne walishuka mbio wamebeba ingobyi, kile kitanda cha kusukwa ambacho majirani hubebea wagonjwa mabegani, na nyuma yao watu wengi. Shoka lilikuwa limeteleza na kumkata mtu mguu chini ya goti. Muganga Adrien akafunga jeraha kwa nguvu zake zote, damu ikapenya kitambaa. Akapaza sauti: "Béata! Mwite Kayitare wa hospitali! Leo ambulansi iko Gikundamvura, upande wetu huku, ikisharudi hospitali haitufikii tena kabla ya giza!"

"Betri haipo," alijibu Maman Béata kutoka chumbani.

Loo! Watu walimgeukia kama nyuki. "Haipo namna gani?" alifoka mmoja wa wabebaji. "Miaka yote unatufungia mulango, unasema phonie ni ya bagonjwa. Mugonjwa huyu hapa! Iko wapi hiyo phonie yako?"

"Alikuwa anajipamba!" mwanamke mmoja alidakia. "Angalieni mushanana! Muntu anakufa, yeye anavaa!" Mtu akaivuta ile nguo begani mpaka ikachanika. Maman Béata hakujitetea. Alipiga magoti chini ya meza, akapapasa, akatazama saa yake.

Uwingabire aliyaona hayo yote kutoka nyuma ya jiko, na hata kwa dakika kadhaa aliyaona matamu. Kisha watu wakasogea, naye akaona kofia iliyowekwa juu ya kifua cha majeruhi. Ilikuwa kofia ya kijani yenye kiraka alichokishona yeye mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini yeye alikuwa amemwingiza baba yake.

Miguu ilimleta mlangoni kabla hajajua atasema nini.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Mumuache! Ni mimi njo nilitoa betri. Iko kwenye spika ya kwaya!"

Maman Béata hakumpiga wala kumtukana. Alisema neno moja tu: "Kimbia."

Uwingabire alikimbia kama hajawahi kukimbia. Yeye na Osée waliing'oa betri katikati ya wimbo, wakaibeba pamoja, ikiwagonga magoti njia nzima. Walipoifikisha, ilikuwa imebaki dakika moja ifike saa saba. Maman Béata akaunga nyaya, akawasha. Taa ndogo ya phonie ikawaka rangi nyekundu hafifu, na sura yake ikabadilika.

"Mmeinywa," alisema. "Nitasikia, lakini nikisema sana itazima."

Sauti ya Kayitare, opereta wa hospitali, ikaanza kuita vituo. Wawili hao walikuwa wamesemezana miaka kumi na minane na hawajawahi kuonana uso kwa uso. Ilipofika zamu ya Bweyeye, Maman Béata alibonyeza kitufe. Hakutoa salamu wala hakufuata maelezo marefu ya kila siku.

"Bweyeye. Mguu. Damu. Gari."

Taa ikafifia. Akaacha kitufe upesi. Upande wa pili Kayitare akasema polepole: "Béata, sauti yako inakufa. Usiseme tena, gonga tu. Moja ni hapana, mbili ni ndiyo. Mtu amekatwa mguu, anatoka damu?"

Aligonga kipaza kwa ukucha mara mbili.

"Ambulansi iko Gikundamvura. Niitume hadi daraja lenu, mumbebe mpaka hapo?"

Mara mbili tena, na taa ikazima kabisa.

Hakuna aliyengoja kuambiwa. Wanaume wanane wakajitokeza, wanne wa kubeba na wanne wa kupokezana, wakainua ingobyi na kushika njia ya darajani pamoja na Muganga Adrien. Uwingabire alitaka kuwafuata. Maman Béata alimshika mkono, akamrudisha ndani na kufunga mlango.

"Peleka betri kwenye bamba la jua kwanza," alisema. "Kisha keti."

Uwingabire alipoketi, machozi yalimtoka. "Nilikuchukia, Maman. Ulikataa kumuulizia baba mdogo Elikia."

"Najua. Na unatemaka mate dirishani, najua pia." Alikuwa anashona nguo yake iliyochanika bila kuinua macho. "Siku ile watu arobaini walisimama mlangoni hapa, kila mmoja na ndugu yake. Ndani kulikuwa na wanawake wawili wa kujifungua, na phonie ni moja. Ningemfungulia baba yako, ningewafungulia arobaini. Mimi nilikuwa na dada yangu Bukavu, Nzigire. Naye sikumuulizia."

"Alirudi?"

"Hapana."

Sindano ilipita na kurudi. Uwingabire alitamani ardhi immeze.

"Leo watu watakusifu kwamba umesema ukweli," Maman Béata aliendelea, na sauti yake ilikuwa kali. "Mimi sikusifu bado. Nilikuuliza saa saba kasoro dakika ishirini na tano, ukanijibu kasoro tano. Dakika ishirini zile spika ilizidi kuinywa betri; kidogo tu zingekuwa damu ya baba yako. Ukweli ni kama phonie, una saa yake. Ukichelewa, unasema na watu ambao hawapo tena."

Sherehe ilichelewa sana. Hata hivyo, uwanja ulijaa kuliko ilivyotarajiwa, kwa maana waliomsindikiza majeruhi hawakwenda nyumbani, wakingoja habari. Kwaya iliimba kwa sauti zake zenyewe. Mwalimu alipomwita Uwingabire, alisimama na karatasi yake nyeupe, akaikunja.

"Sikuandika kitu, sababu nilikuwa namuchukia," alisema. "Leo nilimuibia betri, nikamudanganya, na ninyi mukamutukana bure. Maman Béata, unisamehe."

Minong'ono ikaanza. Yule mwanamke aliyesema habari za mushanana akainama kutazama miguu yake. Mwalimu akasimama kutoa hotuba ndefu, lakini hakufika mbali, maana mwenye sherehe alitazama mkono wake, akainuka.

"Mnisamehe," alisema. "Ni saa kumi."

Akaondoka katikati ya sifa zake. Watu wakamfuata, wakalizunguka dirisha, na bila kuamriwa wakanyamaza. Akina mama waliwanyonyesha watoto wasilie. Betri ilikuwa imekula jua kwa muda wa karibu saa tatu, na sauti ya Kayitare ikatoka wazi.

"Bweyeye, ambulansi imeniita kwa phonie yake: muntu wenu iko ndani. Damu imesimama. Iko macho."

Maman Béata akarudia neno kwa neno, kama sheria yake ilivyokuwa, akaandika.

"Tena, mugonjwa anauliza kama kantini yake imefungwa vizuri."

"Kayitare," alijibu Maman Béata, "hiyo si ya phonie."

Watu walicheka mpaka wengine wakalia, na ndipo makofi yalipolipuka, marefu, chini ya dirisha lile lile lililokuwa likitemewa mate. Maman Béata aliinua mkono kuwanyamazisha. Kituo kingine kilikuwa kinaitwa.

Bizimana alirudi baada ya wiki tano, akitembea kwa magongo mawili. Maman Béata alikuwa amebakiza siku nne za kumfundisha Jean de Dieu, mrithi wake. Bizimana alisimama mlangoni pa chumba cha phonie, akakohoa.

"Elikia tulimulilia miezi saba," alisema. "Hiyo sijasahau."

"Najua, Papa Uwingabire."

"Sawa."

Akarudi kantini kwake, akakaa. Uwingabire alikuwa juu ya ngazi anafuta vumbi kwenye bamba la jua, adhabu aliyopewa kwa kila Jumamosi hadi mwisho wa muhula. Redio ya baba yake iliimba kama kawaida. Ilipokaribia saa saba, alimwona baba akitazama saa ya ukutani, akinyoosha gongo lake moja polepole hadi kwenye rafu ya redio, na kwa ncha ya gongo hilo akaizima.