Boksi Nyuma ya Siti

Fundi Besi aligonga boksi mara mbili, na boksi likagonga mara ya tatu lenyewe.

Hakushtuka. Mtu aliyekaa miaka kumi na mbili akifunga muziki kwenye magari ameshasikia kila aina ya mlio: mbao inayojikunja kwa joto, skrubu iliyolegea, panya. Na kugonga ndiyo kazi yenyewe. Boksi la sabufa lazima ulipime kwa vifundo vya vidole kabla ya kuliamini, ujue kama limeshikana au lina ufa unaovujisha hewa. Akagonga tena mara mbili, akatega sikio. Kimya.

"Joto tu hilo," alijiambia, akaendelea na kazi.

Pikapu ilikuwa ya muuza matofali, mzee mnene mwenye kicheko cha kukohoa, ambaye wazimu wa muziki ulikuwa umempata uzeeni. Amplifaya na spika vilikuwa vipya, bado vimo kwenye katoni zake. Boksi tu ndilo lilikuwa kuukuu. Tundu la spika lilikuwa limezibwa kwa kipande cha mbao kilichopigiliwa misumari mingi mno, mingine imepinda kwa haraka ya aliyeipiga.

"Nimepewa bure na mtu aliyekuwa anahama," mzee alisema asubuhi ile alipoleta gari. "Eti kaniambia nisiligonge-gonge. Nikamwambia, bwana wee, boksi la sabufa halafu lisigongwe? Si bora nikaweke kuku!" Akacheka, akakohoa, akaenda zake.

Fundi Besi naye alicheka. Jamani, angeuliza tu kwa nini! Neno moja tu. Lakini fundi akishashika bisibisi haulizi kitu.

Aling'oa misumari yote. Kipande kilipotoka, harufu ilimpiga usoni: uvundo wa nguo zilizosahaulika kwenye beseni, na ndani yake kitu kama nywele zilizoungua. Akapiga chafya, akamulika kwa simu. Boksi lilikuwa tupu, ila mbao zote zilikuwa na mikwaruzo, na mikwaruzo yote ilikuwa upande wa ndani.

Hapo ndipo mlango wa pikapu ulipogongwa, ngo ngo ngo.

"Hodi wenyewe?"

Alikuwa binti yake, Chiriku, mwenye umri wa miaka mitano na maneno ya mtu wa hamsini. Mama yake alishona nguo duka la tatu kutoka hapo, na siku zisizo za shule mtoto alishinda akienda huku na kurudi kule kuwakagua wazazi wake. Kila gari aliloingia baba yake, lazima aligonge na kupiga hodi, na haingii ng'o mpaka ajibiwe vile anavyotaka.

"Karibu, mgeni wangu!" Fundi Besi aliitikia.

Chiriku akapanda kwenye siti, akabana pua. "Nani kajamba?"

"Mimi simo. Ni boksi hili."

Mtoto alilitazama lile tundu jeusi kwa muda. "Baba, linatusikiliza," akanong'ona. Kisha akashuka, akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ajue kusema.

Fundi Besi akaendelea. Akapitisha waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi, akakwangua rangi chini ya siti mpaka chuma king'ae, akafunga hapo waya wa hasi. Amplifaya akailaza chini ya siti ya abiria. Boksi liliingia nyuma ya siti kwa kusukumwa na bega. Alipokwisha kukaza spika kwa skrubu nane, waya zake zikiwa bado zinaning'inia, aliweka kiganja juu yake, na ile spika ikapanda na kushuka, taratibu, ikapanda tena na kushuka. Aliutoa mkono haraka, akaufuta kwenye suruali. Akaunganisha waya hivyo hivyo, maana mwenye gari angeifuata saa saba.

Ikabaki kujaribu. Kwa wasiojua, kujaribu hufanywa vioo vikiwa juu na milango imefungwa, fundi peke yake ndani, asikie kila kinachotetema. Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama kichwani, barabara imejaa watu. Akajifungia, akawasha redio.

Besi ilipiga, tamu, mpaka kwenye mbavu. Akatabasamu. Halafu vitasa vya milango vikashuka vyote kwa pamoja, tak!

Akapunguza sauti, haikupungua. Akazima redio, besi ikaendelea. Akachomoa ufunguo, akavuta kitasa, akavuta cha upande wa pili, akapiga kioo kwa ngumi na kwa kiwiko, na besi ikazidi kupiga polepole, du, du, ikifuata moyo wake mwenyewe, ukienda mbio nayo inakwenda mbio, ile harufu ya nywele zilizoungua ikajaa kebini mpaka ikamkaba koo, na nje, hatua nne tu kutoka alipo, mziba pancha aliinua kichwa kwenye tairi lake, akamwona Fundi Besi anarusha mikono na kufungua mdomo, akadhani anacheza, akaweka chini pampu yake, akamkatikia kiuno kidogo, akacheka, akarudi kwenye tairi. Fundi Besi alilia machozi. Vioo vilikuwa vimeshaingia ukungu kwa pumzi zake, hata mziba pancha hakumwona tena.

Kisha kimya.

Ngo ngo ngo.

"Hodi wenyewe?"

Mungu mkubwa! Mwanangu! Wala hakufikiri. "Karibu, mgeni wangu!" alipiga kelele. "Fungua, mama, vuta mlango!"

Mlango haukuvutwa. Ndipo alipotambua kwamba hodi ile ilikuwa imetoka nyuma ya siti.

Alipofumbua macho, magoti yalikuwa kidevuni. Giza. Mbao mgongoni, mbao kichwani, na vidole vyake vimelala ndani ya mikwaruzo, vimeenea. Upande wa pili wa spika akasikia mlango ukifunguka, na mtu akikohoa kwa sauti ya Fundi Besi mwenyewe.

"Fundi, leo umecheza!" mziba pancha alisema.

"Nimecheza sana," ilijibu sauti yake.

Miguu midogo ikaja mbio. Mlango ukagongwa. "Hodi wenyewe?"

"Ingia," sauti yake ikasema.

"Husemi hivyo," Chiriku alisema. "Sema vizuri."

"Ingia tu."

Haikusema karibu. Fundi Besi akaelewa: yenyewe ilijua kwamba kwa aliyepita boksini, neno hilo humwingiza mpiga hodi mahali pa anayemkaribisha.

Springi za siti zililia. Pumzi ya mtoto ikafika kwenye spika, karibu kabisa. Vidole vidogo vikagonga boksi.

"Hodi wenyewe?" alinong'ona. "Baba?"

Neno lilimpanda Fundi Besi mpaka kwenye meno. Alikwisha kulisema mara elfu, lilikuwa linatoka lenyewe. Akaingiza ngumi mdomoni, akaing'ata.

"Hodi?" Sauti ilikuwa imeanza kulia.

Damu ilimjaa mdomoni. Mwanangu, nenda. Nenda kwa mama yako.

"Hodi!"

Hodi tatu. Ukinyamaziwa hodi ya tatu unaondoka, hivyo ndivyo alivyomfundisha mwenyewe. Akamsikia akivuta kamasi, akishuka kwenye siti.

"Twende tukale," ikasema sauti yake. Hatua kubwa na hatua ndogo zikaondoka pamoja, duka la kwanza, duka la pili, la tatu. Akasikia ngumi yake mwenyewe ikigonga fremu ya mlango wa mkewe.

"Hodi!"

Fundi Besi akautoa mkono mdomoni, akapiga ukelele kwa nguvu zake zote, usijibu, mke wangu, usijibu! Pikapu ikatikisika kwa besi nzito. Mziba pancha akaitikia kwa kichwa, akiufurahia muziki. Cherehani ikasimama.

"Karibu, baba Chiriku," mkewe akasema. "Mbona leo unapiga hodi kama mgeni?"